Taa ya LED bwawani: usimwangazie mwizi



Tangu mvua zilipokatika nimeulizwa swali moja kuliko swali la vifaranga na la chakula: "Afisa, taa ipi kubwa ya LED inafaa kwenye kibanda cha bwawa?" Jibu langu litawaudhi baadhi yenu, hasa ambao hela imeshatoka mfukoni. Nasema taa kubwa haifai. Kibanda cha mlinzi kinahitaji taa ndogo tatu, waya mnene, fyuzi moja, na mlinzi aliye macho. Mkiniuliza kipi kati ya hivyo ni cha kwanza, nitawaambia ni mlinzi.

Nasema hivi kwa sababu kosa nimelifanya mwenyewe. Miaka michache iliyopita nilimshauri mama mmoja wa bonde fulani huku Kasulu anunue taa ya kumulika ya wati 30, aifunge juu ya nguzo, iwake usiku kucha juu ya bwawa lake la sato. Tulikuwa tunatafuta dawa ya wezi na fisi maji. Siku ya kwanza bonde lote lilimeremeta, majirani wakaja kuangalia, nikajisikia fundi. Wiki ya tatu bwawa likavutwa wavu usiku, wakachukua samaki waliobakiza mwezi mmoja kuuzwa. Mlinzi alisema ukweli wake bila kuficha: "Bwana, ile taa huzima saa saba. Wenzetu walijua hilo kabla yetu."

Tufanye hesabu ambayo nilipaswa kuifanya kabla ya kumpa ushauri. Betri yake ilikuwa ya volti 12 na ampea 18. Zidisha 18 kwa 12, unapata 216, hiyo ndiyo akiba yote ya umeme iliyomo ikiwa betri ni mpya na imejaa kabisa. Gawanya kwa wati 30 za taa, unapata saa saba na dakika chache. Betri haikuwa mpya, basi weka saa sita. Iwashe saa moja jioni, saa saba usiku giza. Mwizi hana haja ya kusoma fizikia, anakaa mlimani siku mbili tatu anahesabu. Kibaya zaidi, taa ilikuwa imemwonyesha kila kitu kuanzia jioni: kina kiko wapi, njia ya kutokea iko wapi, mlinzi analala upande gani. Mlinzi naye, akiwa amekaa katikati ya mwanga, haoni hata hatua 10 gizani. Ukikaa kwenye mwanga, giza la nje linakuwa ukuta. Jaribu leo nyumbani kwako, simama mlangoni taa ikiwa inawaka nyuma yako uone kama utamtambua mtu aliye uani.

Na betri ile haikuweza kurudi. Paneli ilikuwa ya wati 20. Kwa jua letu la kawaida, ukitoa hasara za waya, vumbi na joto, paneli ya wati 20 inarudisha kama 56 kwa siku. Usiku mmoja taa imekula 180. Siku ya pili umeanza na deni, na betri ya risasi na tindikali ikilala na deni kila siku inaoza ndani. Miezi mitano baadaye ilikuwa ya kukalia.

Wazo la taa kubwa limetoka wapi? Limepanda milima kutoka ziwani. Wengi wenu mnashuka Kigoma kufuata dagaa, mnafika mwalo wa Kibirizi au Katonga alfajiri, mnaona mitumbwi inarudi na taa zake. Tanganyika ni ziwa la taa. Zamani wavuvi waliwasha moto wa kuni mbele ya mtumbwi, zikaja karabai za mafuta ya taa, na sasa LED na betri zimeshika nafasi kwa sababu hakuna kioo cha kupasuka wala kisoksi cha kubadilisha kila wimbi likirusha maji. Mwanga huvuta vijidudu vya majini, dagaa wanawafuata vijidudu, migebuka wanawafuata dagaa, na wavu unasubiri chini. Kule taa ni chambo. Chambo lazima kiwe kikubwa, kwa sababu ziwa lina kina cha mita 1,470 penye kina kirefu na samaki wanatoka chini kuja juu. Na angalieni mvuvi anavyofunga: betri iko ndani ya mtumbwi, hatua moja au mbili kutoka kwenye taa, kisha asubuhi inakwenda kuchajiwa. Sisi tunachukua taa ileile, tunaitundika mita 15 kutoka kwenye betri kwa waya wa spika, halafu tunashangaa inawaka kama kibatari.

Bwawa lako la sato halihitaji chambo cha namna hiyo. Samaki wako hawana pa kwenda.

Sasa mpango ninaoupendekeza. Taa ya kwanza ni ya ndani ya kibanda, wati 3, rangi ya njano, imefungwa chini ya usawa wa macho na kuelekezwa chini au kukingwa na kipande cha bati. Kazi yake ni mlinzi aone chakula chake, daftari na nyoka aliyeingia. Taa ya pili ni ya wadudu, wati 5, nyeupe, juu ya maji. Taa ya tatu ni ya kumulika, wati 10, yenye swichi mkononi mwa mlinzi, nayo hukaa imezimwa. Hiyo ya tatu ndiyo silaha. Taa inayowaka ghafla gizani, kutoka mahali ambapo mwizi hakutarajia, ina nguvu kuliko taa 10 zinazowaka tangu magharibi. Fisi maji naye huizoea taa inayowaka wakati wote, lakini ile ya ghafla humshtua. Sisemi atakimbia kila mara. Fisi maji anatulizwa na uzio, na hilo tutaliongea siku nyingine.

Hesabu yake ni hii: taa ya ndani saa tano, 15. Taa ya wadudu saa tatu, 15. Taa ya kumulika, ukijumlisha dakika zote za usiku, saa moja, 10. Kuchaji simu ya mlinzi, 12. Jumla 52. Betri ileile ya ampea 18 iliyomshinda mama yule inatoa hiyo kwa kutumia robo tu ya akiba yake, na paneli ya wati 30 siku ya jua inarudisha kama 80. Siku za Desemba na Januari mawingu yakilala mlimani itarudisha nusu, basi punguza taa ya wadudu na mambo yataenda.

Taa ya wadudu inahitaji maneno zaidi, maana hapa ndipo taa inapoweza kurudisha hela. Mwanga mweupe juu ya maji huita wadudu, wadudu wanaanguka, sato anadonoa. Ni kitoweo cha nyongeza, wala haichukui nafasi ya pumba na mashudu, na mtu akikuambia utaacha kununua chakula kwa sababu ya balbu moja, muulize yeye ana bwawa wapi. Lakini ni nyama ya bure. Ining'inize kama nusu mita juu ya maji, upande wa kina kirefu, kikombe cha bati juu yake ili mwanga uende chini badala ya kwenda kwa jirani. Washa saa moja, zima saa nne. Baada ya hapo wadudu hupungua na betri inahesabu. Usiku wa mbalamwezi usiwashe kabisa, mwezi unashindana na taa yako na kukushinda. Wavuvi wa ziwani wanalijua hilo siku nyingi, mwezi ukijaa wanapumzika na kushona nyavu.

Mvua za kwanza zikianza, Oktoba au Novemba kutegemea mwaka, kumbikumbi wakitoka, hapo acha taa iwake hata saa tano. Najua wengine mtaweka beseni la maji chini ya taa mchukue kumbikumbi wenu wa kukaanga kabla ya samaki kupata wao. Sina ugomvi. Ndugu zetu wa Kagera wanawaita senene kwa taa kali na mabati na wanafanya biashara ya maana. Ila beseni lisikae ukingoni pa bwawa, watoto huja kuokota usiku, na kina hakina huruma.

Matumizi bora kuliko yote ya taa ya mkononi hayahusu mwizi. Ni saa kumi alfajiri. Bwawa lililorutubishwa sana, likageuka kijani kibichi, linaishiwa hewa kabla ya kupambazuka kwa sababu mimea midogo ya majini nayo inavuta hewa usiku kucha. Mlinzi akimulika uso wa maji saa hiyo na kuona midomo ya samaki juu, wanahema, ajue kuna hatari. Afungulie maji mapya kama mfereji upo, ayapige maji kwa beseni, na siku hiyo asiweke samadi wala chakula. Bwawa zima linaweza kufa kati ya saa kumi na saa kumi na mbili, na mwenye mali akafika saa mbili asubuhi akadhani amewekewa sumu. Nimeshasuluhisha ugomvi wa majirani uliotokana na jambo hilo. Taa ya wati 10 na mlinzi mwenye macho vingeuzuia.

Sasa niseme jambo ambalo wauzaji wa taa hawalisemi. LED haitoi joto la kumtosha mtu. Mlinzi aliyekuwa na karabai au moto wa kuni alikuwa anaota joto bila kujua kwamba ni sehemu ya ujira wake. Ukimwondolea, Juni na Julai baridi ya mabonde yetu ikishuka na ukungu, ataingiza jiko la mkaa ndani ya kibanda na kufunga mlango. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala moshi. Mtu anasinzia, haamki. Siandiki haya kuwatisha. Nilipoanza kuhimiza LED nilidhani nimeondoa hatari ya moto kwenye vibanda vya nyasi, na kwa sehemu nimeiondoa, kibatari kilichoanguka kwenye majani makavu kinamaliza kibanda kabla hujapata viatu. Lakini nilifungua mlango mwingine.

Wako watu mbali sana na sisi wenye tatizo hilohilo. Finland, Kanada na majimbo ya kaskazini ya Marekani maziwa huganda wakati wa baridi yakawa barafu ya kutembelea. Watu hutoboa shimo, husimamisha kibanda kidogo juu yake, hukaa ndani na ndoano usiku. Nao wamehama kutoka taa za gesi kwenda LED za volti 12, betri kama zetu, na baridi inawala betri zao vibaya kuliko sisi. Taa ya gesi ilikuwa inawapasha joto. Walipoiacha wengi waliongeza hita, na hewa ileile isiyo na harufu imeua wavuvi ndani ya vibanda vilivyozibwa vizuri. Ushauri wanaopeana ni tundu la hewa juu na jingine chini, hata kama baridi itaingia. Basi mwajiri wa Heru Juu au Mabamba, ukimnunulia mlinzi taa ya LED, mnunulie na blanketi zito na koti. Jiko likae nje chini ya paa la mbele. Hilo liwe sharti, lisiwe ombi.

Kwenye ufungaji nitakuwa mfupi pale ambapo fundi yeyote wa pikipiki anaweza kukusaidia, na mrefu pale ambapo wanakosea.

Waya uwe wa milimita 1.5, mwekundu na mweusi. Waya wa spika kwa mita 15 kwenda na kurudi, na taa ya wati 30, hupoteza volti 2 na nusu njiani, ndiyo maana taa ya mama yule ilikuwa inafifia hata kabla ya betri kuisha. Kwa taa ndogo hasara ni ndogo, lakini waya mwembamba hukatika ndani kwa panya na jua, na ukikatika huoni. Fyuzi iwe ya ampea 5, ikae kwenye waya mwekundu, karibu na betri kadiri mkono unavyoweza. Fyuzi iliyowekwa karibu na taa hailindi chochote, maana waya ukigusana kabla yake betri itamwaga nguvu zake zote papo hapo na kuchoma nyasi. Betri ya volti 12 haikurushi kama umeme wa nyumbani, ndiyo watu wanaidharau, lakini moto inauwasha vizuri sana. Fyuzi hizo zinapatikana kwa wauza vipuri vya pikipiki na magari, na bei yake haifiki bei ya soda mbili.

Viungio vya waya visisokotwe na kufungwa solotepu. Bonde lina unyevu, asubuhi kila kitu kinatoa maji, shaba inageuka kijani ndani ya mwezi mmoja. Tumia konekta za kubana na skrubu, paka grisi au vaselini kidogo, funga tepu nyeusi ya umeme, na kiungio kitazame chini maji yasitulie. Kontrola ya sola uunganishe na betri kwanza, halafu paneli, halafu taa. Ukifungua, rudi nyuma kwa mpangilio huo. Na soma balbu kabla ya kuondoka dukani: ya volti 12 na ya volti 220 zinafanana sura na kitako, na nimeona mtu amebeba sita zisizofaa hadi Kifura.

Betri isikae chini ya kitanda cha mlinzi. Ikichajiwa hutoa hewa inayolipuka ikikutana na cheche, na tindikali yake inakula blanketi na ngozi. Iweke kwenye sanduku lenye matundu, juu ya tofali mbili, upande wa nje wenye kivuli, na kufuli. Kama ni ya kuongezwa maji, ongeza maji ya betri yaliyochujwa, usiongeze tindikali, usiongeze maji ya bwawa. Ndiyo, imetokea.

Wenye maduka, na ninyi nina neno nanyi. Paneli zinazoandikwa wati 50 na kutoa nusu ya hapo zinauzwa kwenye magulio yetu, na mkulima hajui. Ninyi mnaweza kujua. Chukua mita ya kupimia umeme, iweke kwenye ampea 10, gusa nyaya mbili za paneli moja kwa moja saa sita mchana jua likiwa wazi. Paneli ya kweli ya wati 50 ya mfumo wa volti 12 itakupa karibu ampea 3. Ya wati 20 kidogo zaidi ya 1. Ikikupa ampea 1 na nusu huku imeandikwa 50, unajua ulichonacho. Mwenye duka anayempimia mteja mbele ya macho yake atauza kuliko jirani yake, kwa sababu huku habari inatembea na bodaboda. Anayekataa kupimiwa, mteja aendelee na safari.

Wapo watakaosema umeme wa TANESCO umefika, gridi ya Taifa imekuja mkoani mwaka 2022, kwa nini tuhangaike na betri? Nyumbani vuta, shangilia. Lakini msipeleke nyaya za volti 230 bwawani kwa mikono yenu, kwenye miti ya mikaratusi na vipande vya mipira. Mlinzi aliyesimama ndani ya maji hana nafasi ya pili. Bonde libaki na volti 12.

Na wapo walinzi wanaonipinga, wanasema giza linatisha na taa kubwa inawapa moyo. Hoja hiyo naiheshimu, maana mimi nalala nyumbani. Ndiyo maana naomba taa ya ndani isizimwe mlinzi akiwa peke yake, na mbwa awepo. Mbwa halali saa saba.

Ziwa lilipofungwa kwa uvuvi miezi 3, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, mliona jinsi samaki wa bwawa alivyopata heshima mezani na sokoni. Mama niliyemkosesha amejaza bwawa lake upya, ana taa tatu ndogo, na ile ya wati 30 ameiuza kwa mwenye banda la kuonyesha mpira. Nimelipia waya mwenyewe, ilikuwa haki yake.

Siku ya gulio Makere wiki ijayo nitakuwa pale kuanzia saa nne na mita yangu, halafu Kibondo mjini wiki inayofuata. Mwenye paneli anayoishuku ailete, mwenye betri aje nayo ikiwa imepumzika usiku mzima bila kutumika. Ikisoma volti 12.7 imejaa, 12.2 iko nusu, chini ya 12 tutakaa tuongee.